Uzi Kwanza, Urembo Baadaye: Uhakiki wa Vitu Vidogo vya Kuvaa Vifumwavyo kwa Mkono

Mengi yamekwisha kuandikwa nchini mwetu juu ya ngoma, vinyago na mashairi, na juu ya michoro aliyoianzisha marehemu Edward Saidi Tingatinga mnamo mwaka 1968. Ni nadra, hata hivyo, kumkuta mhakiki aliyekaa kitako akaichukua mkononi kofia ya mtoto mchanga iliyofumwa kwa kroshia, akaigeuza ndani nje, kisha akauliza: Je, kazi hii ni nzuri au ni mbaya, na kwa sababu gani? Sisi wenyewe, tuliozoea kuyapima mashairi ya wenzetu kwa vina na mizani, tulikaa miaka mingi tukizipita kazi hizi sokoni na majumbani bila kuziuliza swali hilo. Tulizihesabu kuwa ni kazi za kupitishia wakati. Tulikosea, na makala haya ni njia yetu ya kulikiri kosa hilo na kulirekebisha.

Sababu ya kukosea kwetu si ngumu kuiona. Kazi hizi ni ndogo. Kofia, soksi za mtoto, skafu, utepe wa nywele, hereni, ua la kubandika kifuani: hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoujaza ukumbi wa maonyesho. Tena hufumwa na wanawake, aghalabu barazani, baada ya kazi nyingine kwisha, nao wenyewe hawaziiti sanaa. Hata wageni wanapokaribishwa nyumbani, husifu vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa mikono hiyohiyo, na sifa hizo huishia katika neno moja tu: “Vizuri.” Hakuna anayeuliza ni vizuri kwa nini.

Hoja yetu kuu ni fupi. Kitu kidogo cha kuvaa chapasa kuhukumiwa kwanza kwa uzi wake, ndipo kihukumiwe kwa urembo wake. Katika kuuchagua uzi mfumaji humfikiria mvaaji. Katika kuupanga urembo aghalabu humfikiria mtazamaji. Sisi watazamaji na wanunuzi tumeisifu nakshi na kuusahau uzi, na kwa kufanya hivyo tumewafundisha wafumaji wetu kumsahau mvaaji.

Ufundi wenyewe

Kabla ya kuhukumu, yafaa tuelezane kazi hii ni ipi, kwa ajili ya wanafunzi ambao hawajapata kuishika. Kufuma kwa kroshia ni kufuma kwa sindano moja yenye ndoano nchani. Mfumaji hufanya kitanzi, akauvuta uzi ndani yake kwa ile ndoano, akapata kitanzi cha pili, na vivyo hivyo hata upatikane mnyororo. Juu ya mnyororo huo hujenga mistari mingine ya mishono, mifupi au mirefu. Jambo hili ni tofauti na ufumaji wa sindano mbili, ambao ndio ufumao masweta mengi. Katika sindano mbili mstari mzima wa vitanzi hukaa wazi, na kimoja kikiponyoka huteremka na wenzake. Katika kroshia, kwa kawaida, kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu. Vingine vyote vimekwisha kufungwa. Kwa hiyo mfumaji aweza kuiweka kazi chini akambembeleza mtoto au akatazama chungu mekoni, kisha akairudia bila hasara. Wala kazi hii haihitaji mtambo, meza wala umeme. Yatosha sindano, donge la uzi na mwanga.

Mshairi akiitazama kofia ikianza kufumwa atajiona yu nyumbani. Kofia huanza utosini kwa duara. Tukifuma kwa mishono mifupi, duara la kwanza huwa na mishono 6, la pili 12, la tatu 18, la nne 24, na kuendelea, kila mzunguko ukiongezewa mishono 6 iliyogawanywa sawasawa. Mfumaji akisahau kuongeza, duara hujikunja kama bakuli. Akizidisha, kingo zake hukunjamana kama jani la kabichi. Afikapo kwenye upana wa kichwa huacha kuongeza kwa kukusudia, na duara likaanza kushuka kuwa pande za kofia. Yeye huhesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, kama sisi tuhesabuvyo silabi kwa vidole. Aliyekosa hesabu katika mzunguko wa nne ataliona kosa lake katika mzunguko wa nane, na hapo hana budi kufumua. Hii ni mizani, wala si kwa mfano tu.

Mizani, hata hivyo, haitoshi. Twajua mashairi yaliyotimia vina na mizani ambayo hayamfai mtu yeyote. Wahakiki wa fasihi husema kuwa fani na maudhui hazitengani. Katika kroshia jambo hili laonekana kwa macho, kwa kuwa uzi ni sehemu ya vyote viwili. Ndio unaoijenga nakshi, na ndio unaoigusa ngozi ya mvaaji.

Tabia za uzi

Nyuzi zinazopatikana katika maduka na masoko yetu ni nyingi, lakini tatu zatosha kwa mjadala huu: pamba, sufu na akriliki.

Pamba hunywa jasho na kulitoa hewani. Huvumilia kufuliwa mara nyingi kwa sabuni na kuanikwa juani. Ila hainyumbuki sana: kofia ya pamba iliyofumwa ndogo hubaki ndogo, na iliyolegea hubaki imelegea. Uzi wa pamba wenye kung'aa, upendwao sana na wafumaji, una historia yake. Mwaka 1844 Mwingereza John Mercer aligundua kwamba pamba ikitiwa katika maji ya magadi makali huongezeka nguvu na kushika rangi vizuri zaidi; na mwaka 1890 Horace Lowe akaonyesha kwamba ikivutwa wakati wa kutiwa dawa hiyo, hung'aa. Uzi mwembamba wa pamba huuzwa kwa namba, na hapa wanafunzi hukosea mara nyingi: namba ikiwa kubwa, uzi huwa mwembamba. Namba 20 ni mwembamba kuliko namba 10.

Sufu ni manyoya ya kondoo. Kila unyoya una mawimbi yanayoshika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayozuia baridi. Sufu hunyumbuka na kurudi, na yaweza kunywa unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla ya mtu kuhisi kuwa imelowa. Lakini ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa, hujibana na kuganda, na kofia ya mtu mzima ikawa ya mtoto.

Akriliki haitoki shambani wala zizini. Hutengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli, na kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuitengeneza kwa biashara mwaka 1950. Ni nyepesi, ina rangi za kila namna, nondo hawaili, na bei yake ni nafuu. Ndiyo sababu imeenea kila soko. Ila hainywi jasho ipasavyo, na ikikaribia moto huyeyuka.

Hakuna kati ya nyuzi hizi ulio mbaya kwa asili yake. Ubaya huingia pale uzi usiopaswa unapopelekwa mahali pasipo pake.

Kazi nne

Sasa tuzitazame kazi zenyewe. Tatu kati yake tuliziona katika mabanda ya maonyesho ya Saba Saba, na moja tuliiona nyumbani kwetu. Wafumaji hatutawataja, kwa kuwa tunazihakiki kazi wala hatuwahakiki watu.

Tuanze na ile ya nyumbani, maana ndiyo iliyotufumbua macho. Mjukuu alipozaliwa, shangazi yake, mfumaji hodari, alimletea seti ya kofia na soksi. Rangi yake ilikuwa ya waridi, kofia ina vifuniko vya masikio, utepe wa kufungia kidevuni na maua matano kuuzunguka upaji. Mishono ilikuwa sawasawa kana kwamba imepimwa kwa rula. Ilikuwa mwezi wa Februari, na sisi tunakaa pwani. Wageni waliokuja kumtazama mtoto waliisifu seti hiyo mmoja baada ya mwingine, na sisi tukaisifu pamoja nao, hata tukasema kuwa ni shairi. Mtoto alilia. Siku ya pili shingo yake na upaji vilikuwa vimejaa harara. Bibi yake hakusema neno. Aliifungua ile tepe, akamfuta mtoto jasho kwa kipande cha kanga kuukuu, akaiweka ile kofia kabatini, kando ya vikombe vya wageni.

Uzi ulikuwa wa akriliki yenye manyoya. Nakshi ilikuwa imetolewa katika gazeti la ugenini, la majira ya theluji. Shangazi hakukosa mapenzi wala ufundi, alikosa kuulizwa. Hakuna mwalimu, mnunuzi wala msifu aliyepata kumwuliza: Uzi huu atauvaa nani, na wapi? Wahenga walisema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tulioustahili usemi huo ni sisi watazamaji, ambao macho yetu yaliishia nje.

Wala isidhaniwe kuwa kofia ya mtoto ni jambo dogo. Mtoto mchanga hawezi kulirekebisha joto la mwili wake kama mtu mzima. Baridi humdhuru, na joto likizidi humdhuru pia. Katika huduma ya kangaruu, iliyoanzishwa Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978 na inayotumika pia katika hospitali za nchi yetu, mtoto njiti hulazwa kifuani mwa mamaye, ngozi kwa ngozi, akiwa amevikwa kofia na soksi. Kofia hiyo ni sehemu ya matunzo yake. Yapasa iwe laini, isiwe na manyoya yanayoweza kuingia kinywani, na ndani ya soksi pasiwe na nyuzi ndefu zilizolegea, maana uzi mmoja waweza kukizunguka kidole cha mguu na kukibana. Mambo yote haya huamuliwa wakati wa kuchagua uzi na kumalizia kazi. Ua la upajini halina msaada wowote hapo.

Kazi ya pili ilikuwa kofia ya mwanamume, ya pamba nyeupe isiyong'aa, iliyofumwa kwa sindano nyembamba. Mfumaji wake alikuwa amepanga matundu madogo kwa safu kuizunguka kofia yote, na juu yake akaacha duara lisilo na nakshi. Mtu asiye na subira angeipita. Sisi tuliiona kuwa ndiyo kazi bora ya banda lile, na sababu yetu ni ya kihistoria. Washonaji wa kofia za viua, wa Lamu, Unguja na pwani yote, walikwisha kulijibu zamani swali la kichwa chenye jasho. Kiua ni kitundu kilichozungushiwa uzi. Hupitisha hewa, na safu za viua ndizo zinazoifanya nakshi. Kwa hiyo pambo na faida ni kitu kimoja. Kofia ya namna hiyo huvaliwa hata Omani, ambako huitwa kumma, na uhusiano wa pande hizo mbili za bahari unajulikana. Sasa kroshia, kwa asili yake, ni ufundi wa matundu. Mshonaji wa viua hana budi kutoboa kitambaa. Mfumaji wa kroshia huliacha tundu lijifanye lenyewe kati ya mshono na mshono. Mfumaji wa kofia ile aliona undugu huo. Hakuiga kofia ya viua mshono kwa mshono. Aliichukua fikra yake, akaisema kwa sindano nyingine.

Kazi ya tatu ilikuwa skafu ya sufu, ya rangi ya kahawia, iliyoletwa na kikundi cha akina mama wa nyanda za juu za kusini. Haikuwa na ua wala pindo la madoido. Ilikuwa mishono mirefu mstari juu ya mstari. Wanunuzi wa Dar es Salaam waliigusa, wakacheka kwa joto, wakapita. Lakini aliyepata kuamka alfajiri ya mwezi wa Juni au Julai katika wilaya ya Makete au mjini Njombe hatacheka. Kule mtoto aendaye shule kabla jua halijachomoza ahitaji kitu cha shingoni, na sufu ndiyo imjuayo. Mishono mirefu iliyolegea iliiachia sufu nafasi ya kushika hewa. Ingalifumwa kwa kubanwa ingalikuwa nzito bila kuongeza joto kwa kiasi hicho. Kazi hii ilikuwa njema, ila ilikuwa imeletwa sokoni pasipo wavaaji wake. Mhakiki anayeihukumu kwa joto la Dar es Salaam hufanya kosa lilelile la shangazi, kinyumenyume.

Kazi ya nne ilikuwa jozi ya hereni, kila moja ikiwa na umbo la jani la mwembe, zilizofumwa kwa pamba nyembamba na kukazwa ili zisinyong'onyee. Umbo lilikuwa jipya na zuri; halikutoka katika gazeti la mtu. Kasoro ilikuwa katika kukazwa kwake. Mfumaji alitumia maji ya sukari, ambayo ni njia ya kale na yenye kukaza kweli. Lakini katika hewa yenye unyevu sukari hunata, na tulipoziinua zile hereni tulimkuta sisimizi mmoja amekwisha kufika kabla yetu. Wanga uliopikwa ungefaa zaidi. Au angechagua uzi uliosokotwa kwa nguvu, akaufuma kwa sindano ndogo zaidi ya ile iliyozoeleka, hata jani lijisimamie lenyewe. Twaitaja kasoro hii kwa kuwa kazi yenyewe yastahili kutajiwa kasoro. Mfumaji aliyeweza kulitazama jani la mwembe na kulihesabu kwa mishono hafai kupewa sifa ya “vizuri” na kuachwa.

Hoja za upinzani

Wako watakaosema kwamba kroshia si utamaduni wetu, kwa hiyo haina nafasi katika mkusanyo kama huu. Ni kweli kwamba ufundi huu, kwa sura tunayoijua, ulienea huko Ulaya katika karne ya 19. Huko Ireland, wakati wa njaa kuu ya viazi ya miaka ya 1845 hadi 1852, wanawake walifuma lasi za kroshia kwa uzi mwembamba wa pamba, wakaziuza ili waishi. Kwetu sisi ulifika kwa njia ya shule za misheni, na katika miaka ya 1950 ukaenezwa na vilabu vya wanawake. Baada ya Uhuru vikundi vya Umoja wa Wanawake, ulioanzishwa mwaka 1962, navyo vikafundisha kazi za mikono.

Lakini kama sindano ni ngeni, uzi si mgeni. Katika magofu ya Kilwa wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua vigurudumu vingi vya udongo vilivyotumika katika kusokota uzi. Wafipa walikuwa wakifuma nguo zao za pamba katika karne ya 19. Na kanga, ambayo leo hakuna anayethubutu kuiita ya kigeni, ilikuwa kitambaa cha kiwandani kilichokuja kwa meli. Iligeuka yetu pale wanawake wa pwani walipochagua wenyewe mji wake, pindo lake na jina lake. Kwa kipimo hicho kroshia imekuwa yetu katika kofia ya pili na katika hereni za jani la mwembe. Bado ni ya wenyewe katika ile seti ya waridi. Kinachoamua ni mahali mfumaji alipoanzia kufikiri.

Hoja ya pili ni ya bei, nayo ni nzito zaidi. Akriliki ni nafuu, na mfumaji anayeuza sokoni hula faida yake yote akinunua pamba nzuri. Hatuwezi kuipuuza hoja hii. Twaweza tu kukumbusha kwamba vitu tunavyovizungumzia ni vidogo. Donge moja la gramu 50 kwa kawaida latosha kofia ya mtoto mchanga. Tofauti ya bei ambayo ingemshinda mtu katika sweta au shali yaweza kubebeka katika kofia, na mnunuzi akielezwa sababu hulipa. Tatizo ni kwamba mnunuzi hajapata kuelezwa.

Hata hivyo hoja ya bei yatupeleka kwenye jambo linalouma. Nchi yetu ni nchi ya pamba. Mwezi wa Julai mwaka 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, wazee wetu waliing'oa mipamba ya shamba walilolimishwa kwa nguvu, na hapo vita vya Maji Maji vikaanza. Baada ya Uhuru tulisema kwamba pamba itatuvika sisi wenyewe. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na vingine vikafuata. Leo wakulima wa Simiyu, Shinyanga, Mwanza na Geita bado huivuna pamba, lakini sehemu yake kubwa husafirishwa nje kabla haijasokotwa kuwa uzi. Ndiyo kusema mama aweza kuchuma pamba mchana kutwa, na jioni akamfumia mwanawe kofia ya petroli. Si kazi ya mhakiki kupanga bei wala kujenga viwanda. Ni kazi yake kuonyesha kwamba jambo hili limefika hadi kichwani mwa mtoto.

Neno kwa walimu

Tungependa walimu wa kazi za mikono, na hata walimu wa fasihi na sayansi, walifanye jambo hili kuwa somo. Mwanafunzi asianze na nakshi. Aanze na vipande vitatu vya majaribio, kila kimoja sentimita 10 kwa 10, vya pamba, sufu na akriliki, vilivyofumwa kwa mishono ileile. Avifunge mkononi kwa saa moja adhuhuri, aandike alivyohisi. Avitie majini, atazame kipi kimekunywa na kipi kimekataa. Avifue, avianike, avipime tena. Pamba nyingine hujivuta baada ya kufuliwa, na ni afadhali kulijua jambo hilo katika kipande kuliko katika kofia.

Nyuzi za sokoni mara nyingi hazina maelezo, au maelezo yake hayaaminiki. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jaribio la moto, akilishika yeye mwenyewe, kwa ncha fupi ya uzi juu ya sahani ya udongo. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, nayo hupenda kuzimika yenyewe. Akriliki huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na kuacha kidonge kigumu cheusi. Aliyeliona jaribio hilo mara moja hatamfunga mtoto akriliki karibu na meko.

Rangi nayo ina majaribio yake. Uzi uloweshwe na kukandamizwa katika kitambaa cheupe. Ukiacha doa, usimpambe nao mtu atokaye jasho. Tena uzi wa kazi moja ununuliwe wote kwa siku moja, wenye namba moja ya rangi, maana rangi ya pipa moja hailingani kabisa na ya pipa jingine.

Mwisho, mwanafunzi apime kichwa. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati huwa na mzunguko wa sentimita 35 hivi. Kofia ya sufu yaweza kufumwa pungufu kidogo, kwa kuwa itanyumbuka. Ya pamba ikipunguzwa kiasi hichohicho itambana. Akiyajua hayo yote, ndipo afungue gazeti achague nakshi. Atashangaa kuona jinsi nakshi nyingi zinavyojikataa zenyewe.

Hitimisho

Tulisema mwanzoni kwamba makala haya ni kukiri kosa. Yafaa tumalizie habari yake. Miezi michache baadaye shangazi alimletea mtoto kofia nyingine. Hakuna aliyekuwa amemlaumu, bibi alikuwa amemwonyesha tu kipande cha ile kanga kuukuu na kumwambia, “Mwanangu, kitu kama hiki.” Kofia hii ya pili ilikuwa ya pamba nyeupe, nyembamba, yenye safu tatu za matundu, haina vifuniko vya masikio wala ua hata moja. Mtoto alivishwa, akanyonya, akalala nayo.

Wageni waliokuja siku hiyo hawakuisifu. Mmoja aliuliza iko wapi ile ya waridi, akaonyeshwa kabatini, akasema, “Vizuri.” Sisi tuliivua ile nyeupe kichwani mwa mtoto alipoamka, tukaigeuza ndani nje, tukaihesabu: 6, 12, 18, 24. Utosini palikuwa pakavu.